Nyumba Iliyopigwa na Radi

Siku ya pili ya hija, mimi na shangazi yangu tuliachwa nyuma. Tulikuwa tumetoka Chanji na wenzetu wa jumuiya, tukienda parokia ya Kate kwa miguu, kama tunavyofanya kila Kwaresima. Shangazi, dada yake marehemu baba, amevuka miaka sabini. Vidole vyake vya miguu vilikuwa vimechubuka tangu asubuhi, naye alinikataza nisimwambie kiongozi wa msafara. Basi kufika saa tisa alasiri wenzetu walikuwa wameshatangulia kwenye kijiji ambako tungelala darasani, na sisi tulikuwa wawili tu barabarani, nyasi tupu kila upande.

Wingu lilipanda kutoka bonde la Rukwa. Mvua sikuijali. Nilichoogopa ni radi, na nimeiogopa tangu utotoni. Nikaanza kumvuta shangazi mkono, akaniambia miguu haitaki. Ngurumo ya kwanza ilipopiga tuliona nyumba ya matofali ya kuchoma, imejitenga na nyingine, na mwanamume amesimama mlangoni akituita.

Alimwamkia shangazi, akampokea mzigo, lakini hakutupisha mlangoni.

"Karibuni, mama. Ila kabla hamjaingia, lazima niwaambie," alisema. "Mwaka jana radi ilipiga humu ndani. Tulimzika binti yetu. Watu wa hapa wanasema ni radi ya kutumwa, na kwamba itarudi. Mkiona vibaya, nyumba nyingine iko pale mbele, mwendo wa robo saa."

Miguu yangu ilikuwa imeshageuka. Nilimnong'oneza shangazi kwamba tukijikaza tutafika. Hakunijibu mimi. Alimshukuru yule baba kwa kusema kweli, akavua ndala, akaingia.

Mle ndani, mke wa yule bwana, mtoto wao mdogo kando yake, alikuwa ameshafunika kioo kwa kanga na kuzima simu. Aliniomba kwa upole nivue sweta yangu kwa kuwa ilikuwa nyekundu, rangi inayosemekana kuvuta radi. Nilivua. Kwenye kona, kutoka darini hadi sakafuni, ukuta ulikuwa na ufa uliozibwa kwa udongo mpya. Chini yake palikuwa patupu, ingawa chumba kilikuwa kidogo na sote tulibanana upande wa pili. Sikuhitaji kuambiwa kwa nini. Shangazi alitazama, akachukua mkeka, akautandika palepale na kunyoosha miguu yake. Mama wa nyumba alinyoosha mkono kama anayetaka kumzuia, kisha akaurudisha.

Mvua ilianguka juu ya bati, hata hatukusikiana tena. Kila mwanga ulipopita nilihesabu moyoni hadi ngurumo ilipopiga. Nilifika tano, halafu tatu. Halafu sikuwahi kuhesabu. Chumba kizima kikawa cheupe, masikio yakaziba, na nilipopata fahamu nilikuwa chini ya meza, nimemshika yule baba mguu kwa mikono yote miwili, nalia. Mkewe alikuwa amemlalia mtoto wao mdogo kama anayetaka kumrudisha tumboni. Shangazi alikuwa pale konani, amefumba macho, rozari mkononi, midomo ikitetemeka. Hapo ndipo nilipojua kwamba naye alikuwa akiogopa muda wote ule.

Radi ilikuwa imepasua mkaratusi nyuma ya choo. Mvua ilipokatika tulitoka tukautazama, ukifuka moshi. Hakuna jirani aliyekuja kuuliza kama tuko hai.

Jioni tulikula ugali wa ulezi na maharage. Mama wa nyumba alimkanda shangazi miguu kwa maji ya chumvi, akamwambia kwamba tangu mazishi hakuna mgeni aliyekaa humo. Walitutandikia godoro lao. Shangazi alilala mara moja. Mimi nilisikiliza bati hadi alfajiri, japo hapakuwa na kitu ila matone.

Wakati wa kuagana yule mama alinishika mkono. "Mkifika kwa wenzenu, waambieni mmelala hapa na mmeamka salama," aliniomba. Nikamwahidi.

Tuliwakuta wenzetu wakikunja mikeka darasani. Kiongozi, aliyekuwa na wasiwasi, aliniuliza tulilala wapi. Wenyeji kadhaa walikuwa wamesimama karibu, na mmoja wao alikuwa akinitazama. Nikajibu kwamba tulilala kwa wasamaria tu, huko nyuma.

Shangazi aliweka mzigo chini. "Tulilala kwenye ile nyumba iliyopigwa na radi," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Wametukirimu vizuri."

Mwenyeji aliyekuwa karibu nami alisogea mbali kidogo. Shangazi hakunisema, wala njiani hakuligusa jambo hilo, na kwangu hilo lilikuwa zito kuliko kusemwa.

Kwaresima iliyofuata alilala kwao tena, safari hii na wanawake wawili wa jumuiya. Mimi nililala darasani.