Divai Nzito Kama Uji

Kazi yangu hapa Birmingham ni kuzunguka nyumba za wazee, nikiwaosha na kuwalisha, na mwaka huo mgongo wangu ulikuwa umegoma. Niliyemalizia naye kila asubuhi alikuwa mzee Mfaransa wa mtaa wa Tyseley, aliyemfuata mke Mwingereza ujanani, akazeekea kwenye viwanda vya hapa. Mke alishakufa. Kwao Ufaransa kulibaki shamba la mizabibu na dada yake mmoja, mzee kama yeye. Kila mwaka dada huchanganya zabibu za aina tatu, anatengeneza divai nyekundu, anamtumia chupa, kisha anangoja simu. Kaka akisema imekubali, imekubali.

Mwaka huo koo la mzee likaharibika. Kila kinywaji, hata maji, sharti nikitie unga wa kukifanya kizito, la sivyo angepaliwa. Ndipo chupa ikafika, na dada akapiga simu: magoti yamekwisha, mnunuzi wa shamba amepatikana. Kaka aonje, aseme kama aendelee au auze.

Nikatia unga kwenye divai. Jameni! Ikawa uji wa wimbi.

"Hiyo wape nguruwe," akasema.

"Tyseley nguruwe nitawatoa wapi, mzee? Kunywa."

Akafunga mdomo kama mtoto. Nilikasirika, siwafichi. Nimeamka alfajiri, basi limenipita kituoni Small Heath likiwa limejaa, halafu huyu ananigomea kwa sababu ya pombe, mimi niliyeokoka na sijawahi hata kuilamba!

Lakini dada yule alinisumbua moyoni. Mama yangu, aliye kwetu Nyeri, Kenya, hunipigia kila Jumapili: "Hii kahawa niitunze mpaka lini?" Aliipanda na marehemu baba, na anasema ni yangu. Mimi humjibu, "Ngoja, Mama, nakuja." Miaka inakwenda, naye anapalilia.

Nikampigia nesi wa mzee. Akasema kile kijiti chenye sponji cha kusafishia mdomo naweza kukichovya kwenye divai, nikikamue vizuri, nimpake ulimini. Nikampaka. Mzee akafumba macho, akakaa, akakaa, hadi nikaogopa. Kisha akaomba simu. Wakaongea Kifaransa chao, nami nikamsikia dada akilia.

"Ni mbaya?" nikauliza alipomaliza.

"Hajawahi kutengeneza nzuri kama hii."

"Basi anaendelea."

"Nimemwambia auze." Akajifuta macho kwa kiganja. "Mimi sikuwahi kurudi, na yeye bado ananilimia. Imetosha. Apumzike."

Nikamwaga ule uji kwenye sinki, nikaosha kikombe, nikavaa koti.

Pale kituoni nikampigia Mama, na haikuwa Jumapili.

"Kuna nini? Nani amekufa?"

"Hakuna, Mama. Nimefikiria tu. Hiyo kahawa ing'oe. Panda mboga karibu na mlango, ukae, upumzike."

Nilidhani atashukuru. Nilimsikia akipumua, na kuku wakilia nyuma yake.

"Kwa hivyo hurudi," akasema.

Basi likafika, likafungua mlango. Nikaliacha liende.