Darasa la Tatu, Jumatatu ya Tatu

Mpango wa kufungua shule niliuandika mimi, tena kwa rula. Nilikuwa mwalimu kutoka Kenya kwenye shule ya msingi pale Munuki, mtaa wa Juba, kusini mwa Sudan, miaka ile ya mkataba wa amani, na kipindupindu kilikuwa kimetufungia wiki tano. Tulipoambiwa tufungue pole pole, mwalimu mkuu, mama wa Juba asiyependa makaratasi, alinisukumia kazi hiyo. Nilifurahi. Mimi ni mtu wa orodha, hata sokoni siendi bila karatasi.

Jumatatu ya kwanza warudi darasa la saba na la nane. Ya pili, la tano na la sita. Ya tatu, wadogo wote, kwa sababu mtoto mdogo hunawa akikumbushwa, na hunywea kikombe chochote anachokikuta. Mtungi wa barazani, uliokuwa na kikombe kimoja cha shule nzima, tuliuondoa. Kila mtu aje na chake. Langoni ikae ndoo yenye bomba, maji ya dawa, na mimi.

Mwalimu mkuu alisoma, akanirudishia.

"Ustaz, hapa darasa si umri," alisema. "Vita vimewachelewesha watu."

Nikamjibu kwamba tukimruhusu mmoja, wote watataka, na mchelea mwana kulia hulia yeye. Akapiga muhuri.

Nilijua anamsema nani. Darasa la tatu tulikuwa na askari wa miaka arobaini hivi, aliyeketi dawati la nyuma, magoti yamebanwa na mbao. Mkubwa wake alimpa ruhusa ya kusoma mpaka kikosi kitakapohama. Binti yake alikulia kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kwetu Kenya, na barua zake za Kiswahili zililetwa na madereva wa malori. Mimi ndiye niliyemsomea na kumjibia. Katika barua ya mwisho binti aliandika kwamba mwandiko wa mwalimu ameshauzoea, sasa anataka wa baba, hata mistari miwili. Basi yule bwana alisoma kama mtu anayefukuzwa. Herufi alikuwa amezimaliza, sentensi ndiyo kwanza alikuwa anaanza, shule ikafungwa.

Jumatatu ya kwanza alifika langoni kabla ya saa moja, kikombe cha bati kimefungwa mkandani, daftari kwapani. Alinawa mpaka kwenye viwiko.

"Wewe ni darasa la tatu," nikamwambia. "Rudi Jumatatu ya tatu."

"Ustaz, mimi iko na siku kumi na mbili tu. Halafu sisi nakwenda."

"Mpango ni mpango."

"Mimi nakaa peke yangu kule nyuma. Hapana gusa mtu."

Nikamwonyesha ile karatasi, mtu ambaye kusoma kwenyewe ndiko alikokuja kutafuta. Mpaka leo naona haya nikikumbuka. Aliitazama kwa adabu, kidole kikifuata mstari wa kwanza, akakwama neno la pili.

"Kalas, ustaz, basi," alisema, akaondoka na daftari lake.

Wadogo walirudi siku yao. Walimwagiana maji, wakapoteza vikombe, wakanawa. Hakuna aliyeugua, na kwa watu wa mipango, huko ndiko kufaulu. Dawati la nyuma lilikuwa tupu. Kikosi kilikuwa kimehama Jumamosi, na kwenye kambi ya jeshi hawakutaka kuniambia kimekwenda wapi.

Wiki iliyofuata dereva wa lori alileta barua. Niliifungua kwa mazoea, maana yule askari mwenyewe alikuwa ameniruhusu siku nyingi.

"Baba," binti aliandika, "nasikia shule za Juba zimefunguliwa. Nangoja. Hata mstari mmoja unatosha."

Nilichukua kalamu nimjibu, nikaiweka chini. Mwandiko wangu anaujua.