Mama Rosaline Alipopanda Jukwaani

Fridah Nakhungu aliwawekea wachezaji wake sheria moja: dansi ikianza, hakuna mtu wa nje anayepanda jukwaani, awe nani. Aliishika, na wengi wamemsifu kwa hilo. Mimi simsifu.

Alikuwa na sababu. Kundi lake lilipoanzia karibu na soko la Kitale, hip-hop yao ilikuwa ya duara la mtaani, anayejisikia kucheza anaingia katikati. Walevi waliingia. Shangazi za wachezaji waliingia na noti za kubandika kwenye vipaji vya nyuso, na dansi ikavunjika kila mara. Nakhungu alitaka kitu ambacho watu wangekaa kimya wakitazame mpaka mwisho. Akachukua mizunguko ya kichwa na mgongo, akaichanganya na mtetemo wa mabega wa ngoma ya Kibukusu, akatunga hadithi isiyo na neno hata moja, akaicheza mwenyewe: mwanamke anayelima mahindi peke yake, mkono mmoja kiunoni, mtoto mgongoni.

Mwanamke huyo alikuwa mama yake, Rosaline wa Kabuchai. Hakumwambia. Alimwalika tu ukumbini Bungoma, akamketisha safu ya mbele.

Sasa, kwa watu wa kule, mtoto akicheza vizuri mzazi hakai. Anainuka, anaingia, anacheza naye. Kukaa ni kama kumkana. Rosaline alipouona mkono ule kiunoni alijijua mara moja. Akapiga kigelegele, akavua viatu, akapanda jukwaani mabega yakitetemeka.

"Ni mimi huyo! Nakhungu, mwanangu, ni mimi!"

Vijana wa nyuma wakalipuka kwa kicheko kumwona bibi kizee jukwaani. "Cheki shosho! Ati amejialika, bana!"

Kagwe, mchezaji mwenzake, akamsogelea Nakhungu. "Si ni mamako? Wacha acheze."

"Mtoe," Nakhungu akasema bila kugeuza uso.

"Fridah..."

"Sheria ni sheria. Mtoe."

Kagwe akamshika Rosaline mkono. "Mama, pole. Kuja tushuke."

Mabega yake yalikuwa bado yanacheza alipoanza kuelewa. Mtu akapaza sauti, "Shosho amenyimwa visa!" Ukumbi mzima ukacheka. Rosaline akaokota viatu, akatoka navyo mkononi.

Dansi ikaendelea. Iliisha kwa makofi, watu wamesimama, na kundi likaalikwa Nairobi.

Jumapili Nakhungu alikwenda Kabuchai. Alikuta kiti kimetandikwa kitambaa cha wageni, na kuku mezani. Alipotaka kuingia jikoni, mama yake alimzuia mlangoni.

"Kaa tu, mgeni wetu. Kula, usichelewe gari."

"Mama, nisamehe. Ilikuwa sheria ya kazi."

"Nilisamehe hapo hapo. Ongeza ugali."

Wapo wanaosema Rosaline hakujua adabu ya ukumbi. Ni kweli, angeijulia wapi? Nakhungu ndiye aliyezijua adabu zote mbili, ya ukumbi na ya kwao, na ndiye aliyechagua. Sheria iliyowekwa kwa ajili ya walevi aliitumia kumshusha mama yuleyule ambaye dansi yenyewe ilikuwa ikimwigiza.

Kundi sasa lina jina. Rosaline hajacheza tena, hata kwenye harusi ya bintiye mdogo, Joy. Nakhungu akifika Kabuchai huketishwa sebuleni, hupewa soda, huulizwa habari za safari. Ile sheria ilimfanya mgeni nyumbani kwao.