Sambusa za Kuchemsha za Dokta

Nakumbuka Jumamosi moja pale Musoma, mwanangu, nilipokaribia kumwaibisha mama yangu mbele ya mtu aliyemrudishia macho.

Mtu huyo alikuwa daktari wa Kichina, mama wa makamo, jirani yetu. Alimtoa mama mtoto wa jicho, kisha akakataa kuku wa shukrani, akakataa hata mbuzi tuliyemleta kutoka kijijini Mugeta. Mimi nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, nikimfulia nguo. Kila Jumapili nilimwona akitengeneza chakula cha kwao: anakanda unga, anausukuma kuwa viduara vidogo, anatia nyama ya kusaga na kabichi, anakunja, anachemsha. Mtaani tuliziita sambusa za kuchemsha. Aliposema kesho anarudi kwao moja kwa moja, nikajitapa, "Mama, chakula cha kwao hawezi kukikataa. Nitampikia mimi."

Chapati zangu zilisifiwa mtaa mzima, kwa hiyo nikamimina mafuta kwenye unga kama nilivyozoea. Kumi za kwanza zilipoingia kwenye maji yanayotokota, zote zilifunguka. Nikabaki na supu ya kabichi, na Dokta tuliyemwalika angefika baada ya saa moja tu.

Mama akachungulia sufuria. "We Nyamburi, hii ndiyo ya kwao?"

"Zimekataa kushikana, mama."

"Yeye alikuwaga anatia mafuta kwenye unga?"

Nikafikiri. "Hapana."

"Sasa wewe umetia ya nini?"

Nikaanza upya: unga, chumvi kidogo na maji, basi. Nikaupumzisha chini ya kitambaa, nikasukuma kingo ziwe nyembamba kuliko katikati, nikabana kwa vidole kama yeye. Ile sosi nyeusi ya soya aliyokuwa akiichanganya na siki ya kuchovyea haikupatikana duka lolote. Hapo nikajiuliza inafanya kazi gani. Inaleta chumvi, na siki inaleta uchachu. Nikachanganya siki, chumvi, sukari kidogo, kitunguu saumu cha kuponda na pilipili mbuzi.

Mwanangu, haikufunguka hata moja! Dokta alifika, akaonja, akaweka chini vijiti vyake vya kulia, akaendelea kwa mkono. Alikula kumi na nane, nilihesabu.

"Dokta," mama akamtania, "mbuzi ulikataa, na hizi hutuachii?"

"Hizi siachi," akajibu, mdomo umejaa. Kisha akatoa kidaftari, akanigeukia. "Sosi hii, sema polepole. Naandika."

Mama alipiga kigelegele mpaka majirani wakatoka nje.

Kwa hiyo, mwanangu, ukijifunza kazi ya mtu, ifuate kwanza kama ilivyo, hata kama wewe ni fundi wa nyingine. Ukishajua kila kitu kimewekwa kwa sababu gani, hapo weka cha kwako, wala usione haya. Mungu aibariki mikono yako, akupe walimu wasio wachoyo, na akujalie siku ambayo mwalimu wako mwenyewe atakuomba umfundishe.