Wao Hawali Riba, Deni ni Langu

Bwana mwenye ukurasa, naomba jina langu lifichwe. Gazeti lako husomwa kwa sauti kwenye vibaraza vya mtaa wetu wa Bondeni, na hao ninaowaandika ndio wa kwanza kulinunua.

Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na mmoja, Mkristo, nina mke na watoto wawili. Kwa miaka minne nimekuwa karani wa kampuni ya malori hapa Nakuru. Kampuni ni ya Waislamu wa mjini, watu wenye asili ya pwani, na wenye hisa ni kama arobaini, wengi wao maskini kama mimi. Wakubwa ni watatu: Mwenyekiti, Makamu na Mweka Hazina. Hesabu wanaijua kama mimi ninavyojua kuendesha ndege, lakini vyeo wanavipenda. Siku walipoletewa mhuri wa kampuni waliugonga mpaka kwenye kalenda ya ukutani.

Fedha za hisa hazikutosha hata lori moja. Benki ikakubali kutoa mkopo wa miaka minane, wa malori mawili ya kubeba mahindi na pareto kutoka Molo na Njoro hadi stesheni. Juu yake ikaturuhusu kuchukua fedha za petroli kila mwezi, tukingoja wenye mashamba walipe. Nilifurahi sana. Lakini wakubwa waliposikia kuna riba, wakakunja nyuso.

"Riba ni haramu," akasema Mwenyekiti.

Hapo niliwaheshimu, nasema kweli. Heshima hiyo haikumaliza kikombe cha kahawa, kwa maana alipokiweka chini alinigeukia.

"Bwana karani, wewe ni Mkristo. Kwenu si dhambi, sivyo? Basi kopa wewe. Sisi tutalipa."

Wakanivika kilemba cha ukoka: karani mwaminifu, karani msomi, karani mtoto wetu. Nami, mjinga, nikavimba kichwa. Sisi Waafrika hatukopeshwi fedha nyingi hivyo bila kibali cha D.C., yule mkuu wa wilaya, kwa hiyo nilisimama mbele yake kofia mkononi, akatia sahihi yake, nami nikatia yangu. Karatasi zote zilikuwa na jina langu tu. Benki haikopeshi mtu kwa mali isiyo yake, hivyo malori nayo yakaandikwa jina langu.

Tangu hapo, kila mwisho wa mwezi palikuwa na mchezo ofisini. Fedha za kupunguza mkopo, Mweka Hazina alinihesabia mkononi. Zikifika za riba, wote watatu walinipa mgongo wakatazama dirishani ili nizitoe sandukuni mwenyewe, halafu Makamu akauliza, "Tayari?" Wazee wazima wenye ndevu! Nikijibu ndiyo, waligeuka wakaendelea na mazungumzo yao.

Mwenye haya kati ya wenye hisa alikuwa mmoja tu, Bi Zuhura, mjane anayeuza mandazi karibu na soko. Akiba yote ya marehemu mumewe aliitia kwenye hisa, na mkopo ulipochukuliwa hakuulizwa. Alipojua, alisimama kwenye mkutano. "Kama ni haramu, msingechukua," akasema. "Mnamficha nani? Mungu anawaona mpaka hapo dirishani." Walimwambia mambo ya kampuni si ya wanawake.

Mwezi uliopita Mwenyekiti akaniambia mpwa wake amemaliza shule na anakihitaji kiti changu. Nikamuuliza, "Na mkopo, mzee? Bado miaka minne."

"Mkopo gani?" akasema, bila kupepesa jicho. "Sisi hatujakopa kwa mtu. Hilo ni deni lako na benki yako."

Nilitaka kumtemea mate. Nikaenda benki badala yake. Mzungu wa mikopo akafungua faili, akapitisha kidole juu ya karatasi. "Deni yako," akasema. "Lakini lori yote mbili pia yako. Kampuni? Mimi hapana ona kampuni hapa."

Jioni ile ile niliyachukua malori kutoka kwa madereva wetu, nikayaweka uani kwa rafiki yangu.

Kumbe watu wanaweza kujifunza adabu kwa siku moja! Mwenyekiti alinijia nyumbani na kilo mbili za sukari, akamwita mke wangu binti yangu, akakaa kwenye kiti kilichovunjika bila kulalamika. Akatoa karatasi. "Tia sahihi hapa, mwanangu, malori yarudi kwa wenyewe."

"Na deni?"

"Hilo tutazungumza."

Nilimrudishia sukari yake mpaka mlangoni. Nikitia sahihi, nitabaki na miaka minne ya kulipa bila kazi. Nikishindwa nitafungwa, na mke wangu na watoto watatolewa kwenye nyumba ya manispaa. Nikiyashika malori, nitalipa benki mwenyewe mpaka shilingi ya mwisho, na wale watatu watafute dirisha jingine la kutazama. Kwa hao sina huruma hata chembe.

Lakini jana Bi Zuhura alikuja. Hakukaa, hakupaza sauti. "Nasikia malori ni yako sasa," akasema. "Basi zile fedha za marehemu nimdai nani?"

Nilianza kumweleza habari za benki, akanikatiza.

"Ukiwapa wale, utakuwa mjinga mara ya pili," akasema. "Usipowapa, umeniibia mimi. Nitakuombea, karani, lakini sijui nikuombee lipi."

Ijumaa wakitoka msikitini wale watatu watakuja na wakili. Funguo ninazo mfukoni. Wasomaji, msinionee haya: nishaurini, nifanye nini?