Kofia ya Mkwe Haivaliki

Kwetu mama mkwe hagusani na mkwewe wa kiume. Hata kiti alichokalia, unasubiri kwanza kipoe. Sasa asubuhi ya kipaimara cha mjukuu wangu kule Makambako, gari likaniacha kijijini, na gauni jeupe la mtoto ninalo mimi, nimelishona kwa mkono. Kijiweni pikipiki imebaki moja tu, ya mume wa binti yangu mdogo. Majina ya wote ninayo kichwani, ila nikiyaandika hapa hawatanisalimia tena.

Tukaweka kiroba cha viazi katikati yetu, nikapanda. Kofia ngumu ya abiria ilikuwa ikining'inia kwenye usukani.

"Vaa, mama," alisema, macho barabarani.

"Wewe ulishawahi kuivaa?"

"Siku za mvua, mama."

"Basi twende."

Pale pa kuingilia Makambako trafiki akatusimamisha.

"Kamwene, bibi. Mbona kofia haipo kichwani?"

"Ni ya mkwe wangu."

"Sheria haijui mkwe. Ukianguka kitapasuka kichwa, bibi!"

"Kikipasuka nitazikwa kwa heshima. Nikiivaa hiyo nitaishi na aibu."

Kengele ya kanisa ikaanza kulia. Mtoto ataingia kwa askofu na sweta la shule! Trafiki naye hatuachii.

Dereva mwingine wa pikipiki aliyesimamishwa hapo akaninyooshea kofia yake. "Chukua hii, bibi, utanirudishia kijiweni."

"Umeoa kwetu?"

"Mimi Mkinga wa Makete. Sijaoa popote."

"Na kwetu usije tena kuposa, maana naivaa."

Trafiki alicheka hadi akashika kiuno, kisha akanifunga mkanda wa kidevuni mwenyewe, kwa nguvu zote za serikali.

Tuliwahi. Mtoto alibadilisha nguo nyuma ya sakristia, akaingia kwenye mstari anang'aa. Ila mkanda wangu ukagoma kufunguka. Aliyejua kuufungua ni mkwe, naye angenigusaje kidevu? Akasimama kule mlangoni akinielekeza kwa mikono, kama mtu anayerudisha lori nyuma. Bonyeza, mama. Siyo huko. Kushoto.

Baba askofu akapita na maandamano, akanitazama, akanibariki hivyo hivyo juu ya kofia. Mjukuu wangu alicheka mpaka msimamizi wake akamfinya.