Ubeti Alioacha Wazi

Studio yangu iko mtaa wa Oli, chumba kimoja nyuma ya duka la mchele, kuta nimeziziba kwa magodoro ya zamani ili kelele za majirani zisiingie. Hapo ndipo rafiki yangu alirekodi kwa miaka minne. Alikuwa mtu wa Midia, huko Koboko, na alirap kwa Kikakwa akichanganya na Kiswahili chetu. Tangu utotoni alikuwa na selimundu. Siku za maumivu alirekodi akiwa ameketi, ananiambia, "Rekodi tu, dada. Leo sauti iko mzuri." Mwaka jana, wakati wa mvua, maumivu yalimzidi, akalazwa. Siku ya tatu akafariki.

Nilikaa miezi mingi bila kugusa faili zake. Nilipozifungua nilikuta nyimbo tisa zimekamilika. Ya kumi ilikuwa na ubeti mmoja na kiitikio tu. Mahali pa ubeti wa pili mdundo ulikwenda wenyewe. Mtangazaji mmoja wa redio, aliyempenda sana marehemu, akanishauri, "Siku hizi kompyuta inaiga sauti ya mtu. Tumumalizie." Nusura nikubali. Lakini nyimbo hazikuwa zangu, kwa hiyo nilipanda gari hadi Koboko, kisha boda hadi Midia kwa mama yake.

Nilimkuta akimenya mihogo. Nilimwogopa kidogo. Yeye na mwanawe walikuwa wamegombana tangu kijana alipoacha masomo ya ualimu kwa ajili ya muziki. Mama aliamini rap ni matusi ya wavuta bangi, na hakuwahi kusikiliza hata wimbo mmoja.

"Umeleta nini, mutoto yangu?"

"Nimeleta sauti yake, mama."

Akafuta mikono kwenye kitenge, nikamvalisha spika za masikioni. Nilimwekea ule wa kumi. Kabla ya mdundo kuanza, anasikika akikohoa, akiomba maji, akicheka. Mama alizibana zile spika kwa mikono yote miwili. Ubeti wenyewe ulimhusu yeye: jinsi mama alivyombeba mgongoni hadi hospitalini alipokuwa mtoto wa miaka saba, miguu yake ikikaribia kuburutika chini, na jinsi alivyomwimbia njia nzima ili asahau maumivu. Anasema hapo kwamba muziki aliuanzia mgongoni mwa mama.

Mama hakulia. Alisema, "Ile ilikuwa wimbo ya kupalilia. Sikujua ingine."

Kisha mdundo ukabaki peke yake, akanitazama. "Imeharibika?"

"Hapana, mama. Hakumaliza." Nikamweleza habari ya kompyuta.

Alimenya muhogo mmoja mzima kabla ya kunijibu. "Kama yeye hakusema, musimusemeshe. Muache hivyo."

Tukauacha hivyo, tukazitoa nyimbo zote kumi. Sikutegemea kilichofuata. Kule Oraba, mpakani, madereva wa malori waliokuwa wakisubiri karatasi zao walianza kuijaza ile nafasi kwa maneno yao: Kiarabu cha Juba, Kilugbara, Kiswahili cha Kongo. Walijirekodi kwa simu na kutumiana. Wengine walitania, wengine waliwataja wafu wao wenyewe. Mara ya kwanza kusikia sauti ngeni mahali pake nilikasirika, nikaizima simu. Baadaye nikampigia mama yake, nikidhani ameumia kama mimi.

"Nawasikiliza wote," alisema. "Mumoja hajui kuimba kabisa, lakini anajaribu."

Hasira ikaniisha. Nikaanza kuzikusanya beti hizo, na moja ikaniingia moyoni. Ilikuwa ya msichana anayeuza chai Oraba, kuhusu bibi yake aliyebaki ng'ambo ya mpaka. Nilimtafuta mpaka nikampata. Sasa huja studio kila Jumamosi, anatengeneza nyimbo zake mwenyewe, na ana ukali wa maneno ambao rafiki yangu angeuonea wivu.

Jumamosi hizo mama hupiga simu kutoka Midia. "Yule musichana amefika? Amekula?" Nikijibu bado hajala, huniagiza nizime mashine kwanza.